Najenga Lewiston, Maine: nifunge pampu ya joto ya aina gani? Nina makadirio matatu ya bei, naomba ushauri

Mjenzi207

Habari zenu wakuu.

Mimi na mke wangu tunajenga huku Lewiston. Nyumba ina chini na juu, jumla futi za mraba 1,800. Chini kuna sebule, jiko na chumba kimoja cha wageni; juu vyumba vitatu vya kulala. Kuna na besmenti ambayo hatutaikalia. Msingi umeshakauka, fremu za mbao zinasimama, na fundi umeme anataka kujua wiki hii ni nyaya gani zipitie wapi. Kwa hiyo siwezi tena kuahirisha suala la kupasha nyumba joto.

Gesi ya bomba haifiki mtaani kwetu. Miaka yote ya kupanga tumeishi kwenye nyumba za boila ya mafuta, na kila anayeishi Maine anajua lori la mafuta likishusha mzigo mwezi wa kwanza linavyoacha akaunti. Tumeamua nyumba yetu isiwe na tangi la mafuta. Tunataka pampu ya joto, ile mashine ambayo kule nyumbani tunaiita AC ya inveta, ila hii inaweza kugeuza kazi ikaleta joto ndani wakati wa baridi.

Nina makadirio ya wakandarasi watatu. Wa kwanza anataka kufunga mashine moja kubwa ya BTU 60,000 (BTU ni kipimo cha joto, hapa kwa saa) besmentini, hewa ipite kwenye dakti, yaani mifereji ya hewa, nyumba nzima. Wa pili anapendekeza uniti moja ya nje ya BTU 48,000 yenye vichwa vitano vya ukutani (mashine za ndani zinazopuliza hewa), kila chumba cha kulala na chake. Wa tatu anachimba visima na kuvuta joto la ardhini, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya wa pili. Wote watatu ni watu wa heshima, walinijibu vizuri, lakini kila mmoja anasema cha mwenzake hakifai.

Je, nichague ipi? Na kweli hizi mashine zinahimili baridi ya huku, au nitalazimika kuweka boila pembeni kwa tahadhari?

MamaNuru

Hongereni sana wanangu, kujenga ugenini si jambo dogo. Mungu awamalizie.

Mimi nina pampu mbili kwenye nyumba ya zamani hapa Portland, mwaka wa tatu sasa. Joto linaletwa, hilo sina shaka. Lakini bili ya umeme ya Januari ilinitoa jasho. Tunafanya kazi zamu za usiku, tukitoka tunazima, tukirudi asubuhi tunawasha kwa nguvu. Na kuna kitu kinanishangaza: mara nyingine uniti ya nje inasimama, inatoa moshi mweupe kama inaungua, ndani hewa inakuwa ya vuguvugu, halafu inarudi kawaida. Ni ubovu?

FundiBaridi

Mjenzi207, nafanya kazi ya kufunga na kutengeneza hii mitambo hapa New England, nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kabla ya kuziba kuta. Wengi huuliza baada ya kuziba.

Kabla ya yote niambie: kati ya hao watatu, ni yupi alikukabidhi karatasi ya hesabu ya joto linalopotea kwenye nyumba yako? Simaanishi karatasi ya bei. Naongelea hesabu inayoitwa Manual J. Anayeifanya huingiza ukubwa wa kila ukuta, aina ya insulesheni, madirisha na yanaelekea wapi, hewa inayovuja, halafu anapata namba moja: nyumba hii inapoteza BTU ngapi kwa saa usiku wa baridi kali. Baridi kali hapa si ile ya rekodi. Ni kipimo cha usanifu, ambacho kwa maeneo ya Portland na Lewiston ni jirani ya nyuzi 0 hadi 5 za Farenhaiti, yaani -18 hadi -15 za Selsiasi. Chini ya hapo hushuka kwa saa chache tu za mwaka.

Nadhani hakuna aliyekupa. Mwenye BTU 60,000 amepiga futi za mraba mara namba fulani kichwani, akaongeza na ya wasiwasi. Hesabu ya namna hiyo ilitoka kwenye nyumba za zamani zinazopitisha upepo kila kona. Nyumba mpya iliyojengwa kwa kanuni za sasa, dari R-60, ukuta R-20 na povu la R-5 kwa nje (R ni kipimo cha insulesheni, ikiwa kubwa joto halitoki haraka), huenda ikahitaji nusu ya hapo au pungufu. Na usidhani mashine kubwa ni akiba ya usalama. Mashine ya inveta inapenda kutembea polepole mchana na usiku. Ukiipa nyumba ndogo, inawaka dakika chache, inatosheka, inazima, inawaka tena. Kila kuwaka kunakula umeme na kuchosha kompresa, na kiangazi haikai ikiwaka muda wa kutosha kukausha unyevu, unabaki na chumba cha baridi yenye ukungu.

Tatizo la vichwa vitano kwa uniti moja ya nje ni hilohilo kwa sura nyingine. Tizama karatasi ya mtengenezaji sehemu ya uwezo wa chini kabisa. Uniti kubwa za vichwa vingi nyingi hazishuki chini ya BTU 15,000 na kitu. Sasa mwezi wa kumi au wa nne, nje kukiwa nyuzi 45 za Farenhaiti, nyumba yako yote inaweza kuwa inahitaji BTU 8,000 tu. Na chumba cha kulala kilichozibwa vizuri kinaweza kuhitaji BTU 2,000 usiku wa baridi kali, wakati kichwa kidogo kabisa utakachouziwa ni cha BTU 6,000. Mashine itakuwa inawaka na kuzima msimu mzima. Uniti ya kichwa kimoja, moja nje moja ndani, inaweza kushuka hadi BTU 3,000, na ndiyo maana kwenye bili huonekana tofauti.

Kuhusu visima: joto la ardhini ni mfumo mzuri kweli, kule chini hali haibadiliki sana, mashine haihangaiki na barafu. Lakini kadiri nyumba yako inavyozibwa vizuri ndivyo faida ya visima inavyopungua, maana joto unalookoa ni kidogo. Ningekuwa na hiyo tofauti ya bei, ningeiweka kwenye kuta na madirisha ya vioo vitatu. Na jambo jingine: punguzo la kodi ya serikali kuu la asilimia 30 kwa mifumo ya ardhini lilikoma mwisho wa 2025. Kama makadirio yako bado yanalitaja, mwambie ayaandike upya. Lile jingine la hadi dola 2,000 kwa pampu za kawaida nalo limekoma, na hata lilipokuwepo lilikuwa la nyumba zilizokwisha kujengwa. Kwa ruzuku za jimbo wapigie Efficiency Maine, taasisi ya jimbo ya mambo ya nishati, wenyewe, masharti yao hubadilika.

Mama Nuru, shikamoo. Huo si moshi na mashine yako si mbovu. Nje kukiwa na baridi na unyevu, uniti huota barafu kwenye mapezi yake. Mashine inageuza mzunguko kwa dakika chache, inachukua joto kidogo la ndani na kulipeleka nje kuyeyusha hiyo barafu. Huo weupe ni mvuke. Ila hilo la kuzima mkitoka kazini liacheni. Mkirudi mashine inalazimika kukimbia kwa nguvu yake yote, tena alfajiri ambapo baridi ndiyo kali zaidi, na hapo ndipo ufanisi wake unaposhuka. Wekeni nyuzi 68, msiguse. Kama lazima mpunguze, punguzeni nyuzi mbili au tatu, si kuzima. Na mfungue kifuniko cha kichwa cha ndani mtoe chujio mlioshe kila mwezi. Nyumba zetu tunakaanga samaki na maandazi, mafuta yanapanda na hewa, yanashika vumbi, chujio linakuwa kama blanketi. Nimefungua machujio yasiyopitisha hewa hata kidogo, mwenye nyumba anaamini gesi imeisha.

MamaNuru

Marahaba mwanangu. Chujio! Wala sikujua linatoka. Naenda kuangalia sasa hivi.

Kaskazini_Oslo

Salaam kutoka Norway. Nimesoma swali la kama zinahimili baridi. Huku takribani kaya sita katika kila kumi zina pampu ya joto, na majira yetu mnayajua. Sweden na Finland nazo zina pampu nyingi. Hapo kwenu Maine mwenyewe gavana Janet Mills aliweka lengo mwaka 2019 la kufunga pampu 100,000 ifikapo 2025, wakalifikia 2023, miaka miwili kabla, wakaongeza lengo la nyingine 175,000 ifikapo 2027. Sasa kinachowaponza watu ni kununua modeli ya kawaida, ile iliyoundwa kwa ajili ya kupoza zaidi. Nunua ya hali ya baridi kali.

Mjenzi207

Nashukuru sana wakuu, nimepata mwanga. Fundi, umesema kweli: hakuna hata mmoja aliyenipa hiyo hesabu. Nimemlipa mkaguzi wa nishati anayejitegemea, asiyeuza mashine, akakaa na ramani zetu. Matokeo: BTU 26,000 kwa saa nje kukiwa nyuzi 0 za Farenhaiti. Juu ni 11,000 na chini pamoja na besmenti ni 15,000. Nilipompelekea mwenye BTU 60,000, alisema kwa uzoefu wake hizo karatasi hupunguza mno. Wa vichwa vitano alisoma, akanyamaza kidogo, akasema yuko tayari kuchora upya. Huyo nimempenda.

Kaka wa Oslo, nitajuaje kuwa modeli ni ya baridi kali? Maana kwenye matangazo zote zinasema hivyo.

Na jamani, mtu anisaidie hesabu ya gharama. Shemeji yangu anasema umeme wa Maine ni ghali kiasi kwamba bora mafuta.

FundiBaridi

Umefanya jambo la maana kumtumia mtu asiyeuza mashine. Na huyo aliyekubali kuchora upya, mshike.

Kuhusu modeli, usisome jina la mashine wala BTU zilizoandikwa kwenye boksi. Hizo zimepimwa nje kukiwa nyuzi 47 za Farenhaiti, hali ya hewa ambayo hata shati la mikono mirefu linakutosha. NEEP, taasisi ya majimbo haya ya kaskazini mashariki, ina orodha ya wazi mtandaoni ya pampu za baridi kali. Tafuta namba kamili ya modeli, uniti ya nje pamoja na ya ndani, uangalie uwezo wake kwenye nyuzi 5, na uwezo wake wa chini kabisa. Ili kuingia kwenye orodha hiyo mashine lazima kwenye nyuzi 5 itoe angalau mara 1.75 ya umeme inaokula. Zipo zinazotoa BTU zote zilizoandikwa hata kwenye nyuzi 5, na kuendelea kufanya kazi hadi -13 za Farenhaiti, sawa na -25 Selsiasi. Nyingine zenye jina hilohilo la kampuni, za bei nafuu, uwezo huanguka nusu. Kwa hiyo kampuni si jibu. Namba ya modeli ndiyo jibu.

Sasa hesabu ya shemeji. Galoni moja ya mafuta ya kupashia ina BTU 138,500 hivi. Boila yenye ufanisi wa asilimia 85 inakuachia kama 117,700 ndani ya nyumba. Yuniti moja ya umeme (kilowati-saa) ni BTU 3,412. Pampu nzuri, kwa wastani wa msimu wote wa hapa, ikikupa joto mara 2.7 ya umeme inaokula, kila yuniti inaleta BTU 9,200. Gawanya: galoni moja ni sawa na yuniti 12.8. Zidisha kwa bei iliyoko kwenye bili yako, umeme pamoja na usafirishaji. Kwa mfano ukilipa senti 27, galoni inalingana na dola 3.45. Mafuta yakiwa juu ya hapo, pampu inashinda. Yakiwa chini ya hapo, mafuta yanashinda kwa siku hiyo. Kwa hiyo shemeji hajakosea kabisa kusema umeme wetu ni ghali. Anachosahau ni kwamba boila mpya, tangi, bomba la moshi na kusafishwa kila mwaka ni fedha pia, na hatakuwa na cha kupoza nyumba mwezi wa saba, atanunua kiyoyozi cha dirishani juu yake. Akikwambia propani, fanya hesabu hiyohiyo: galoni ya propani ina BTU 91,500 tu, ukitumia boila ya asilimia 95 inalingana na yuniti 9.4, dola 2.55 hivi. Mwulize anainunua propani kwa bei gani.

Kitu ambacho hutakiwi kukitegemea ni zile hita za umeme za kawaida za ukutani. Zile yuniti moja inatoa yuniti moja, galoni inakuwa sawa na yuniti 34 na nusu. Chache za bafuni sawa, nyumba nzima hapana.

Nyumba yako ya BTU 26,000 kwa makisio yangu itakula kama galoni 400 za mafuta kwa msimu, au yuniti 5,100 na kitu za umeme. Kiasi hicho ni kidogo kwa sababu ya kuta zako, na ndiyo maana nasema fedha ya visima irudi kwenye kuta.

Mchoro ambao mimi ningeufunga: uniti mbili za nje zinazojitegemea. Ya kwanza, kichwa kimoja cha BTU 15,000 pale chini sebuleni, mbali na jiko. Ya pili, ya dakti fupi, BTU 12,000, inafichwa kwenye dari ya korido juu na kugawa hewa vyumba vyote vitatu. Dakti zibaki ndani ya insulesheni, zisipande juu ya dari, chini ya paa, kwenye baridi. Moja ikiharibika usiku, nyingine inaendelea na mabomba ya maji hayagandi. Chumba cha wageni kiwekewe hita ndogo ya umeme ya siku za wageni.

Uniti za nje zifungwe kwenye stendi juu ya kimo cha theluji, zisikae chini ya ukingo wa paa ambapo maji yanadondoka na kugandia juu yake. Nimeona feni iliyovunjika pezi zote kwa sababu hiyo.

Dada_Auburn

Na umeme ukikatika? Tulikuwa gizani siku kadhaa ile dhoruba ya Desemba 2023, na wenyeji bado wanasimulia barafu ya Januari 1998 watu walipokaa wiki bila umeme. Mimi hilo ndilo linaloniogopesha na pampu.

FundiBaridi

Dada, hofu yako ni ya haki. Lakini kumbuka boila ya mafuta nayo haiwaki bila umeme, ina pampu, ina kichomeo, ina thamostati. Tofauti ni kwamba boila inaendeshwa na jenereta ndogo. Kwa nyumba mpya namshauri Mjenzi aweke paneli ya ampea 200 yenye swichi ya jenereta tangu sasa, ni nafuu fundi umeme akiwa bado kazini. Na kama familia inapenda, jiko la kuni lenye bomba lake na hewa yake kutoka nje. Nyumba iliyozibwa vizuri hupoa taratibu sana, hilo peke yake linakupa muda.

Na kwa sababu imezibwa, mashine ya kubadilisha hewa yenye kurudisha joto ni ya lazima, usikubali ikatwe kwenye bajeti. Pampu inapasha hewa ileile ya ndani, haileti mpya.

Njombe_Juu

Wakuu, mimi niko Njombe, najenga pia. Juni na Julai huku baridi inauma mifupa. Je, hii teknolojia inatufaa?

FundiBaridi

Njombe_Juu, kiyoyozi cha inveta chenye sehemu ya kupasha ni pampu ya joto tayari, hakikisha tu kwenye maelezo kimeandikwa kinapasha na kupoza, kwani vingi vinavyouzwa Dar ni vya kupoza peke yake. Kwa baridi yenu isiyofika chini sana, kitafanya kazi kwa raha kuliko huku. Lakini anza na dari na mianya ya milango, nyumba nyingi za nyanda za juu zinapoteza joto lote kwenye bati. Pale utakapofaidi zaidi ni maji ya kuoga. Hita ya bombani ya papo kwa papo inavuta kilowati 5 kwa mpigo, wakati tangi lenye pampu ya joto linatumia kama theluthi ya umeme kwa maji yaleyale. Linganisha bei yake na ya jua kabla hujaamua, kwenu jua lipo.

Mjenzi207

Wakuu, nimerudi. Mkandarasi amechora upya: uniti mbili kama alivyosema fundi, na zote nimezikuta kwenye orodha ya NEEP. Kwenye nyuzi 5 kwa pamoja zinatoa kidogo juu ya BTU 30,000. Bei imeshuka chini ya ile ya vichwa vitano. Gesi yake, ile inayozunguka ndani ya mashine kubeba joto, ni R-32. Kuna mwingine alikuwa ananipa punguzo nichukue zilizobaki stoo za R-410A. Na ameongeza tangi la maji ya moto la pampu, galoni 50, likae besmentini. Nikubali?

FundiBaridi

R-410A kataa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Marekani hairuhusu tena kutengeneza mitambo mipya ya majumbani ya gesi hiyo. Nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni mara 2,088 ya hewa ya ukaa, R-32 ni 675 na R-454B ni 466. Ukinunua leo, miaka kumi ijayo gesi ya kujazia utaitafuta kwa tochi.

Tangi la pampu kubali. Linavuta joto na unyevu wa besmenti, kiangazi utalipenda kwa kukausha. Ila lisifungiwe kwenye kabati dogo, linahitaji hewa nyingi ya kuzunguka, na lina sauti ya feni, usiliweke chini ya chumba cha wageni. Mwambie mkaguzi aongeze joto linalochukua kwenye hesabu ya chini.

Siku ya kufunga uwepo nyumbani. Kabla ya kufungulia gesi, mabomba ya shaba yajazwe naitrojeni yakae na presha uone kama inashuka, halafu wavute vakyumu hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki bombani), pampu izimwe na geji isipande. Nati za bomba zikazwe kwa spana yenye kipimo, si kwa kubahatisha mkono. Uvujaji mwingi ninaoitiwa hutokea kwenye nati hizo. Piga picha ya geji ikionyesha namba, uitunze pamoja na waranti na ile karatasi ya BTU 26,000.